Kilichobaki Kwenye Diski Kubwa

Kompyuta iliwaka vizuri tu. Hilo ndilo lililomchoma Torika baadaye, kwamba iliwaka kama siku zote, ikapiga kile kimlio chake, ikamwonyesha picha ya daraja la mto Rewa aliyoiweka mwenyewe, naye akaenda kuchemsha chai akijua kazi iliyobaki ni ya saa mbili. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kesho yake ukoo mzima ulikuwa unakutana hapo mjini Nausori kuanua matanga ya Mama Ateca, siku mia tangu wamzike, na Torika alikuwa na amana ya kukabidhi mbele ya watu: dakika kumi na nne za video, Mama Ateca mwenyewe akizungumza, siku tisa kabla hajafa. Zilikuwa za mtu mmoja tu, mwanawe Inoke.

Akarudi na kikombe, akafungua faili. Mama Ateca akatokea amekaa kitandani na blauzi yake ya maua, anaweka kola sawa.

"Imeanza?" Mama Ateca akauliza.

Kisha picha ikaganda, ikamegeka vipande vya kijani, na mashine ikaandika kwamba faili lina hitilafu.

Torika akafunga, akafungua tena. Kola, "Imeanza?", vipande vya kijani. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akahesabu: sekunde kumi na moja, basi. Mara ya sita hakuhesabu tena. Aliinama akachungulia ubavuni mwa mashine, pale palipokuwa na diski ndogo ya pili, akaona tundu tupu na waya unaning'inia. Alijua kuwa imechukuliwa. Aliyeruhusu ichukuliwe ni yeye.

Sasa ukiambiwa hivyo tu utamwona Torika mjinga, na mjinga si yeye. Miaka kumi na moja alikuwa anapiga picha za harusi na misiba kuanzia Nausori mpaka vijiji vya juu, na hajawahi kupoteza hata sherehe ya mtoto. Shida ilianzia mbali kidogo.

Torika alilelewa na Mama Ateca tangu akiwa na miaka sita, mama yake mzazi alipofariki. Mama Ateca alikuwa mke wa baba yake mkubwa, na Inoke, mtoto wa nyumba hiyo, akawa kaka yake, wakila sahani moja na kulala mkeka mmoja. Halafu Torika akafika miaka kumi na miwili, akaanza kuitwa mkubwa, na mwiko ukashuka kati yao kama unavyoshuka kwa kaka na dada wote wa ukoo ule. Hawasemezani, hawakai chumba kimoja wawili peke yao, na akiingia mmoja mwingine anatafuta sababu ya kutoka. Wako watu mjini siku hizi wanaocheka mambo hayo. Wao hawakucheka. Ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa na upendo mwingi ndani yake, maana Mama Ateca alikuwa katikati akibeba maneno. "Kaka yako anauliza umekula." "Dada yako anasema viatu vyako vimetoboka." Miaka ishirini na sita walizungumza hivyo, kwa mdomo wa mama.

Mama alipougua, Inoke alikuwa na jeshi la kulinda amani huko Golan. Torika alishika simu ampigie, ampigie moja kwa moja, mwiko au sio mwiko, na mama akamkamata mkono. "Ukimpigia najifia leo leo," akasema. "Nitamwambia mwenyewe. Leta hicho kidude chako." Ndipo ikapigwa ile video. Na sharti lake lilikuwa moja: asioneshwe mtu mpaka siku mia, na mpaka hapo Torika anyamaze.

Inoke alifika siku ya pili baada ya maziko. Alikaa kwenye mkeka, ukoo mzima upo, akautazama ukuta akasema, "Kuna mtu humu ndani alikuwa na simu, na namba yangu alikuwa nayo." Hakutaja jina, wala hakuhitaji. Torika aliinamisha kichwa akala maneno hayo, akaendelea kuyala kwa siku tisini na kitu. Kimya chao kikageuka. Kilichokuwa heshima kikawa kinyongo, kwa nje huoni tofauti, lakini yeye aliiona kila siku ya Mungu, na iliuma. Alijipa moyo kwa jambo moja: Jumamosi mama atamsafisha kwa sauti yake mwenyewe.

Tuje kwenye diski. Mwezi wa pili tangu msiba, fundi Rajnil, mwenye duka la kompyuta karibu na kituo cha mabasi, alimfungia diski ndogo ya kisasa, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ikae mbele ya ile diski kubwa ya zamani yenye video zake zote.

"Dada, hii kubwa ni ghala," Rajnil alimweleza. "Inabeba mzigo wote, lakini mwendo wake wa kizee. Hii ndogo ni kaunta. Vitu unavyovigusa kila mara vinakaa kaunta, huendi tena ghalani."

Siku ya kwanza Torika hakuona lolote. Akampigia. "We Rajnil, umeniuzia kipande cha plastiki?"

"Ipe siku tatu. Bado inakusoma."

Na kweli, ndani ya wiki harusi aliyokuwa anaihariri ikawa inafunguka kabla hajashusha mkono. Yale aliyoyagusa mara moja na kuyaacha hayakubadilika, ghala lilikuwa ghala lilelile, lakini kazi ya kila siku, ile ya kurudia rudia kipande kimoja mpaka macho yaume, ilikimbia. Akalalamika tena, safari hii kwamba kuingiza picha kutoka kwenye kamera kunamla saa nzima. Rajnil akairekebisha: vitu vipya vipokelewe kaunta kwanza, vibebwe ghalani polepole baadaye. "Ila siku ukitaka kuitoa niite," akasema. "Ni lazima imwagwe kwanza, mzigo wote uende ghalani. Usiichomoe tu."

Torika alisikia. Alisikia vizuri kabisa.

Jumatano ile alitoa kadi ya kamera kwenye kopo la biskuti alimoificha siku zote hizo, akaiingiza video, akaitazama yote, dakika kumi na nne, bila kukwama hata mara moja. Alilia akamaliza. Jioni kadi yake nyingine, ambayo ilinyeshewa wiki iliyopita, ikagoma kabisa, na kesho yake ana harusi ya kupiga picha huko Korovou. Akafikiri: video iko ndani, nimeiona kwa macho yangu. Akaifuta ile kadi ya kwenye kopo.

Alikuwa bado na kadi mkononi wifi yake Kelera, mke wa Inoke, alipopanda ngazi akihema, ana sufuria la magimbi kichwani.

"Wifi yangu, ngazi zako hizi zitaniua, na wewe utakuja kunipiga picha mazikoni uchukue hela ya mume wangu."

"Nitakupunguzia bei. Maiti nene nazipunguzia."

"Ona mdomo huo! Ndiyo maana huolewi." Kelera akaketi, akajipepea na ncha ya sulu, shuka lake la kiunoni. "Nimetumwa."

"Na kaka?"

"Sasa na nani, na paka? Ana mtihani wake wa ufundi umeme Jumatatu, na laptopu yake ukiibonyeza leo inafunguka kesho. Anaomba ile diski yako ndogo aliyokufungia Rajnil. Kerekere, wifi."

Akalisema neno lenyewe, lile la kuomba. Likishatamkwa hilo na ndugu kwa ndugu, mjadala umefungwa, unatoa hata shati la mgongoni.

"Anajua kwamba mashine yangu itarudi kuwa kobe?"

"Anajua, anakupa pole. Anasema vitu vyote viko kwenye ile kubwa, hiyo ndogo inashika nakala tu, kwa hiyo hutapoteza kitu."

Hapo Torika angesema. Angesema, si kweli, mwambie asubiri mpaka Jumatatu, mwambie Rajnil aje aimwage. Neno "asubiri" lilikuwa ulimini. Lakini kati ya watu wawili wenye kinyongo "asubiri" husikika "sitaki", na yeye kwa siku tisini na kitu alikuwa anangoja Inoke amwombe jambo, jambo lolote, ili ampe. Na kama wangekuwa watu wa kusemezana wangesimama wote wawili mbele ya mashine, huyu anauliza, huyu anajibu, mambo yakaisha kwa dakika mbili.

"Aje kesho," akasema. "Nitakuwa Korovou. Ufunguo upo kwa fundi cherehani hapo chini."

Usiku huo aliizima kompyuta taratibu, akajiambia kwamba ikizimwa vizuri itajimwaga yenyewe. Nani kamwambia hivyo? Hakuna. Alijiambia kwa sababu alitaka kulala.

Basi Ijumaa saa sita Rajnil alikuja mbio na roti yake ya mchana mkononi, akaiweka juu ya printa, akapiga magoti. Alimulika lile tundu, akaugusa ule waya.

"Nani kaitoa?"

"Kaka yangu."

"Mlimwaga kwanza?"

"Nilizima."

"Kuzima siyo kumwaga, dada." Akasema polepole, kama daktari. "Ilikuwa bado imeshika. Kilichokuwa kimeshabebwa kwenda ghalani ni hizo sekunde kumi na moja."

"Lakini niliiona, Rajnil! Nimeitazama yote, mwanzo mpaka mwisho, haikukwama!"

"Uliitazama kutoka kwenye ile ndogo. Ndiyo maana haikukwama."

Torika akakaa chini sakafuni. Rajnil akachukua kadi ya kamera, akaifanyia majaribio yote anayoyajua. Yalitoka mashangazi wa Korovou wakicheza, keki, bibi harusi akifuta jasho, shangazi mmoja tena kwa karibu. Mama Ateca hakuwemo hata ukucha.

"Mpigie huyo kaka," Rajnil akasema. "Kama hajaigusa, nairudisha hapa sasa hivi."

Hakuweza kumpigia kaka. Akampigia Kelera.

"Wifi! Nilikuwa nataka kukupigia!" Kelera alikuwa anapiga kelele juu ya sauti ya redio. "Hiyo diski ina mbio! Jana mchana kaifunga, kasafisha kila kitu, kaanza upya, sasa anasoma anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu msiba."

Torika akamtazama Rajnil. Rajnil alikuwa amesikia, akatikisa kichwa. Diski za aina hiyo zikisafishwa zimesafishwa.

"Wifi? Upo? Unalia? Torika, unalia nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, video, sharti la mama, kila kitu, kisha akasema, "Inoke asijue kwamba yeye ndiye aliyefuta. Nitasema nimefuta mimi. Niapie." Na Kelera, ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani, alinyamaza mpaka simu ikakatika.

Rajnil aliondoka akiisahau roti yake. Mvua ikaanza, ile ya Nausori isiyo na haraka ya kwisha. Torika alikaa akijaribu kupanga atakachosema kesho mbele ya watu, na kila alivyopanga kilitoka kibaya. Nani atamwamini? Mwanamke aliyelaumiwa kwa kunyamaza anasimama siku ya mia na kusema, mama alinikataza, tena kulikuwa na ushahidi, ila umepotea. Hata yeye mwenyewe asingemwamini. Na aibu hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa kwamba mtu amekufa akiwa amemwekea mwanawe maneno ya mwisho, akamkabidhi yeye, na yeye ameyapoteza.

Saa kumi alisikia nyayo ngazini, jozi mbili. Nyepesi zikaja mpaka ndani. Nzito zikasimama vidato vitatu chini ya mlango.

Kelera alikuwa ameloa. Alinyoosha mkono, na ndani ya leso ya kiume ilikuwa ile diski ndogo.

"Umemwambia," Torika akasema.

"Nimemwambia. Nishtaki. Ningelala naye vipi na kitu hicho?"

Kule nje mtu akakohoa. Kisha sauti ya Inoke, nzito, ikisema na mkewe. "Kelera. Muulize hiyo video aliipiga lini."

"Anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie siku tisa kabla."

"Anasema siku tisa..."

"Muulize kwa nini hakunipigia simu hizo siku tisa."

"Mwambie mama alikataa. Mwambie mama alisema ataeleza mwenyewe, kwenye video."

Kelera hakurudia, hakukuwa na haja. Mvua ilipiga bati. Kisha Inoke akasema, na safari hii sauti ilikuwa imepasuka kidogo, "Muulize nitajuaje. Video imekwenda. Kila mtu anaweza kusema mama alisema hivi, mama alisema vile. Muulize nitajuaje kwamba ni maneno ya mama na si yake yeye."

"Hilo simuulizi," Kelera akasema. "Tafuta mtu mwingine wa kutuma."

Torika alisimama. Akaongeza sauti ya kompyuta mpaka mwisho, akabonyeza. Shuka zikasikika zikisogezwa. Pumzi ya mgonjwa. "Imeanza?" Kisha kimya.

Ngazi ikalia, kama mtu amekaa ghafla.

Torika akaenda mlangoni. Hakutoka. Aliketi sakafuni upande wa ndani, mgongo kwenye ukuta, wala hakumwona Inoke, wala Inoke hakumwona. Kati yao palikuwa na mbao tu.

"Inoke," akasema.

Kelera akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Jina hilo Torika hakuwahi kumwita nalo tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na lilitoka kwa sauti ya mtoto.

"Alianza kwa kukuita hivyo. Inoke mwanangu. Akasema, usimlaumu Torika, nimemfunga mdomo mimi. Akasema ungekuja ungekaa hapa unanitazama ninavyokauka, na mimi sikutaka unitazame. Huo ni ubinafsi wangu, nisamehe. Hivyo ndivyo alivyosema."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji wa bati.

"Yanakufaa sana maneno hayo," Inoke akasema mwishowe, akiuambia ukuta.

"Najua yananifaa!" Torika akapaza sauti. "Nifanyeje, niyabadilishe ili uniamini? Halafu alicheka. Nilidhani amechanganyikiwa na dawa. Akasema, siku ile kabla hujaenda jeshini, nyuma ya jiko la kuni, yale majivu nilimwaga mimi. Baba yako akaja akauliza hapa pana nini, nikamwambia nimemwaga majivu, akapita. Akasema hajamwambia mtu mpaka leo. Sijui majivu gani, Inoke. Sikumuuliza. Ndivyo alivyosema, na mimi nilikuwa nimeshika kamera."

Torika akadhani Inoke ameondoka. Kisha akasikia pua ikivutwa.

"Nilitapika," Inoke akasema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ya mtu mwenye miaka arobaini na moja. "Kwa woga. Nilitapika nyuma ya jiko, nikakimbia kwenye mihogo nikakaa huko mpaka giza. Niliporudi nikakuta majivu. Miaka yote nilidhani ni bahati tu."

Kelera alikuwa amesimama katikati ya chumba na ile leso mkononi, anatazama mlango, anamtazama wifi yake, hajui aende upande gani.

"Halafu?" Inoke akauliza. "Halafu akasema nini?"

Kelera akafungua mdomo alipeleke swali, kama alivyozoea. Akaufunga. Halikuwa limetumwa kwake.